Mgeni wa Kutwa: Bwawa la Hoteli, Safari ya Wote na Stara ya Familia



Wasomaji wetu watukufu, shule zikifungwa tu, majumbani mwetu hapa pwani huanza mazungumzo ya safari. Wako wenye jamaa bara. Wako waliowapeleka wana wao shule za bweni huko. Wako wenye mabinti walioajiriwa mbali, walimu na wauguzi, na kila likizo mama hutamani kwenda kuona mwanawe anaishi vipi. Katika safari hizo limezuka jambo ambalo zamani halikuwa na nafasi katika familia zetu, na leo linaleta mabishano baina ya wazazi na watoto, na mara nyingine baina ya mume na mke. Jambo lenyewe ni kuingia katika hoteli usiyolala, kulipia bwawa la kuogelea kwa siku moja, kisha kurudi ulikofikia. Anayefanya hivyo tumwite mgeni wa kutwa.

Wako wanaolikata jambo hili kwa kusema halifai kabisa, kwa kuwa bwawa la hoteli ni mahali pa uchi na ulevi. Wako wanaosema watoto waachwe wacheze, na yaliyobaki yasiulizwe. Safari yetu ya likizo iliyopita, tulipokwenda Wote, ilituonyesha kwamba jambo hili lahitaji kupimwa kwa utulivu: lina masuala ya maji, ya mavazi, ya mchanganyiko wa wanaume na wanawake, na zaidi ya yote lina suala la uhai wa watoto wetu na wa mama zao.

Safari ya Wote

Wote ni makao makuu ya Kaunti ya Makueni. Kwa sisi tulioko Mombasa, njia nyepesi siku hizi ni reli mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Msafiri hupanda treni inayosimama katika vituo vya njiani, akashuka Emali, kisha akachukua gari kuelekea ndani. Tulikuwa familia tatu, akina mama wanne, akina baba watatu na watoto tisa, tukienda kumzuru binti yetu aliyehamishiwa kazi huko. Nyumba yake ina vyumba viwili. Wanawake na watoto walilala humo, na wanaume wakapewa nafasi kwa jirani mwema, Mkamba asiye wa dini yetu, aliyetutolea godoro na maembe bila kuulizwa. Hiyo ndiyo hali ya wengi wetu tusafiripo. Hatulali hotelini, kwa kuwa tuna jamaa, na gharama ya vyumba vitano kwa siku nne si ya kila mfuko.

Joto la Makueni si kama letu. Letu lina unyevu, na jioni upepo wa bahari humpoza mtu. La huko ni kavu, laingia puani na midomoni, na adhuhuri haina kivuli cha kutosha. Watoto wetu, ambao wakitoka madrasa alasiri wamezoea kuteremka ufuoni, waliuliza siku ya pili tu: maji ya kuogelea yako wapi? Wakaonyeshwa mto. Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu, na katikati yake mama mmoja amefukua shimo, anachota kwa kikombe kujaza mtungi wa lita 20. Watoto walinyamaza. Baadaye ndipo mtu akataja kwamba mjini iko hoteli yenye bwawa.

Maji ni ya wenyeji kwanza

Tulianza kujadiliana kuhusu mtungi ule kabla ya kujadiliana kuhusu nguo. Katika nchi ya Ukambani, yaani Machakos, Makueni na Kitui, mito mingi hutiririka wakati wa mvua tu. Wenyeji wamejifunza kujenga kuta za mawe na saruji kukata mito hiyo, mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji yakahifadhika ndani ya mchanga, mbali na jua. Hayo huitwa mabwawa ya mchanga, na Ukambani imesifika duniani kwa ujenzi wake. Kazi hufanywa na vikundi vya vijijini, na mikono mingi humo ni ya wanawake. Upande mwingine Serikali iliamua kujenga bwawa kubwa la Thwake, mpakani mwa Makueni na Kitui. Ujenzi wake ulianza mwaka 2018, na limekusudiwa kuhifadhi mita za ujazo milioni 688.

Katika nchi yenye jitihada kama hizo, mtu mwenye dhamiri hujiuliza: je, kuogelea kwetu si israfu? Tulipiga hesabu mezani. Bwawa dogo la hoteli, lenye urefu wa mita 10, upana wa mita 5 na kina cha wastani cha mita 1.4, lachukua lita 70,000. Hizo ni mitungi 3,500 ya lita 20. Jua likikausha milimita 5 tu kwa siku, zimeondoka lita 250, yaani mitungi 12 na nusu, kabla hajaingia mtu yeyote. Na Mtume wetu (S.A.W.) amepokewa kukataza ubadhirifu wa maji hata kwa anayetawadha penye mto unaopita.

Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili. Bwawa linalotunzwa vyema halimwagwi kila wiki. Maji yake huzungushwa kwa pampu, yakachujwa na kutiwa dawa, na yaweza kutumika miezi mingi. Bwawa linalomwagwa na kujazwa tena kwa bauza kila mara, kwa sababu chujio limekufa, ndilo linalokula maji ya watu. Kwa hivyo msafiri mwema huuliza: maji haya yatoka wapi, na hubadilishwa baada ya muda gani? Hoteli tuliyoiendea ilikuwa na kisima chake cha kuchimbwa, na maji ya kuoshea chujio yalielekezwa kwenye miti. Nafsi zetu zikatua. Tukawaagiza watoto kuoga haraka bafuni kabla na baada, bila kuacha mfereji wazi.

Na sisi watu wa Mombasa tuna sababu zaidi ya kuwa na adabu katika jambo hili. Sehemu ya maji ya bomba tunayotumia hutoka chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, na bomba lake limekuwapo tangu miaka ya 1950. Chemchemi hizo hulishwa na mvua inyeshayo juu ya vilima vya Chyulu, ikazama katika mawe ya volkano, kisha ikaibukia mbali. Vilima hivyo vimeingia katika ardhi ya Makueni. Tunapofungua mfereji Majengo au Kisauni, yawezekana tunakunywa mvua iliyonyesha kwa majirani zetu wa Wote.

Nguo ya majini

Tulikwenda siku ya Jumapili. Mapokezi tulilipa kwa kila kichwa, watoto kwa nusu bei, tukapewa risiti. Tulipofika lango la bwawa, mhudumu akawazuia akina mama. Wawili walikuwa wamevaa mavazi kamili ya kuogelea yenye kufunika mwili na kichwa, na wawili walikuwa na dera na leso. Akasema nguo hizo zote haziruhusiwi. Baba mmoja miongoni mwetu alianza kupandisha sauti. Bibi mkubwa wa msafara akamshika mkono, akamwambia, "Mwanangu, tumekuja kuoga, hatukuja kugombana." Akaomba aitwe meneja.

Meneja alikuja, akaeleza kanuni yake. Nguo za pamba hutoa nyuzi zinazoziba chujio, na baadhi hutoa rangi. Bibi akamwambia ashike kitambaa cha yale mavazi mawili. Akakishika, akaona ni nailoni inayonyumbuka, sawa na kaptura za vijana waliokuwa wakiruka majini wakati huo huo. Akakiri kwamba hayo hayana tatizo. Dera na leso akazikataa, nasi tukaona amesema haki. Pamba ikilowa huwa nzito, huzinga miguuni, na mwanamke asiyejua kuogelea akiingia nayo kina kirefu amejifunga kamba mwenyewe.

Tunalieleza hili kwa kirefu kwa sababu wengi wetu tunapozuiwa hufanya moja ya mawili: ama huondoka kimya na uchungu moyoni, ama huanza ugomvi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 27, yakataza ubaguzi kwa misingi ya dini, na imetaja mavazi kwa jina. Kanuni inayohusu aina ya kitambaa yawahusu watu wote sawa, na ni wajibu wetu kuitii. Kanuni inayomzuia mtu kwa sababu amejisitiri ni jambo jingine, na mtu ana haki ya kuomba, kwa upole, aonyeshwe imeandikwa wapi na kwa sababu gani.

Vazi lenyewe lina historia fupi. Mama mmoja wa Australia mwenye asili ya Lebanon, Aheda Zanetti, alilibuni mwaka 2004 kwa ajili ya wasichana Waislamu waliotaka kushiriki michezo. Mwaka 2016 miji kadhaa ya pwani ya Ufaransa ililipiga marufuku ufuoni, na mwezi Agosti mwaka huo mahakama ya juu ya utawala ya nchi hiyo ikasimamisha marufuku ya mji mmoja. Mwaka 2022 mahakama hiyo hiyo ikakataa kanuni ya mji wa Grenoble iliyokuwa ikiliruhusu katika mabwawa ya umma. Wenzetu huko wanavutana mahakamani kwa jambo ambalo Wote lilimalizwa kwa bibi mmoja kumpa meneja kitambaa akishike. Hiyo ni neema, na tuitunze kwa adabu.

Anayetaka kununua au kushonesha vazi hili azingatie mambo machache. Kitambaa kiwe cha nailoni au mfano wake, kisiwe cha pamba. Rangi iwe nzito, kwani nyeupe na manjano huonyesha mwili zikilowa. Juu liwe refu kufikia magoti, na liwe na kifungo au kamba ya kulishikanisha na suruali lisipande majini. Na akina baba wasijisahau. Uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti, na vile vichupi vya kuogelea havitoshi, hata kama mvaaji ni hodari wa kuwakagua mabinti zake.

Saa ya wanawake

Vazi lilikubaliwa, lakini akina mama hawakuingia majini siku hiyo. Jumapili bwawa lilikuwa limejaa, muziki ulikuwa juu, na kando yake palikuwa na watu na chupa zao. Nguo humsitiri mtu, haibadilishi mahali alipo. Meneja aliona nyuso zao, akatupa shauri lililotufaa kuliko yote. Akasema siku za kazi asubuhi bwawa huwa tupu kabisa. Tukiwa kundi, na tukiagiza chakula cha mchana hapo hapo, atatufungia bwawa Jumanne kuanzia saa mbili hadi saa tano kwa wanawake na watoto pekee, kisha wanaume na vijana wachukue zamu yao. Risiti zetu akazihamishia siku hiyo.

Jumanne tulirudi. Tuliomba mambo matatu, nayo yakatekelezwa. La kwanza, mhudumu wa bwawa awe mwanamke. La pili, tuonyeshwe kama kuna kamera za ulinzi zinazoelekea majini, na madirisha ya vyumba yanayolitazama bwawa tuyajue. La tatu tulijiagiza wenyewe: simu zote zikae ndani ya kikapu kimoja. Picha ya binti aliye majini ikishatoka mkononi haina mwenyewe tena, hata kama aliyeipiga ni shangazi yake na nia yake ni njema.

Mmoja wa wale waliokuwa na dera alikuja safari hii na suruali ya mazoezi na fulana ya michezo aliyoazimwa na binti yetu. Mama huyu ana miaka 46. Amezaliwa Mji wa Kale, hatua chache kutoka baharini. Kaka zake walikua wakiruka majini kutoka ngazini, wakiogelea hadi kwenye mashua na kurudi. Yeye na dada zake waliambiwa wakae juu washike viatu. Katika miaka 46 bahari haijawahi kumpita magoti. Mhudumu wa bwawa, mwanamke wa Kikamba, akamwekea mkono chini ya mgongo, akamwambia, "Mwaitu, legeza shingo." Mwaitu kwa Kikamba ni mama. Mara ya kwanza alishtuka akasimama. Mara ya pili vile vile. Mara ya nne au ya tano mkono ule uliondolewa polepole, na binti yake wa miaka 11 akahesabu hadi kumi, mama akielea chali. Aliposimama alisema maneno mawili tu: "Kumbe hubeba."

Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza: ni wanawake wangapi wa pwani hii wanaoishi na maji mlangoni, wakavuka feri kila siku, wakasafiri kwa mashua Lamu, na hawajui kwamba maji hubeba?

Kuogelea si desturi ya kuazima. Kuna usia mashuhuri unaonasibishwa na Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) wa kuwafundisha watoto kuogelea, kulenga shabaha na kupanda farasi, na hakuna mahali uliposema ni wavulana peke yao. Huko Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje umekuwa ukiwafundisha watoto kuogelea tangu mwaka 2011, wasichana wakiwa ndani ya mavazi yao ya stara, na waliojifunza huwa walimu wa wenzao. Picha za wasichana hao, zilizopigwa na Anna Boyiazis, zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Ulimwengu ulizistaajabia. Sisi tungepaswa kuona ni jambo la kawaida la mtoto wa kisiwani.

Uhai kabla ya furaha

Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai kila mwaka kuwa siku ya kuzuia vifo hivyo. Kwetu hatuhitaji takwimu za mbali. Wazee wetu wangali wanaikumbuka feri ya Mtongwe ya Aprili 1994, iliyochukua watu 272. Wala nchi kavu haiko salama. Tarehe 4 Desemba 2021, katika mto Enziu huko Mwingi, Kaunti ya Kitui, basi lililokuwa limewabeba watu wakienda arusini lilisombwa na mafuriko, wakafa zaidi ya 30. Mto ule, kama ule tuliouona sisi, kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga.

Bwawa la hoteli lina hatari zake, na kubwa ni kwamba kila mtu hudhani mwingine anatazama. Katika hoteli nyingi za miji midogo hakuna mwokozi, au yuko na ndiye huyo huyo anayepeleka soda mezani. Mtoto anayezama hapigi kelele kama katika filamu. Mdomo wake uko majini, mikono yaikandamiza maji, na ndani ya dakika moja amenyamaza. Sisi tuliweka utaratibu huu: mtu mzima mmoja hufunga leso nyekundu kichwani kwa dakika 15, na kwa muda huo hali, hazungumzi, haangalii kitu kingine ila watoto. Muda ukiisha humvika mwenzake leso ile kwa mkono wake, ndipo akae. Watoto wa chini ya miaka 5 mzazi huwa nao majini, karibu kiasi cha kuwafikia kwa mkono. Maboya ya mikononi tuliyahesabu kuwa vitu vya kuchezea.

Kabla ya mtu yeyote kuingia, tazameni sakafu ya bwawa. Ikiwa sehemu yenye kina kirefu haionekani wazi hadi chini, msiingie, kwa sababu maji hayo si safi, na mtoto akizama humo hataonekana. Harufu kali ya dawa isiwadanganye. Wengi huidhania ni dalili ya usafi, kumbe hutokana na klorini iliyochanganyika na jasho na mikojo ya waogaji. Bwawa zuri halina harufu kali. Ndiyo maana kuoga bafuni kwanza, na kuwapeleka watoto haja ndogo kabla ya kuingia, ni haki ya wenzenu. Mtoto mwenye kuharisha abaki nyumbani hata akilia, kwani wako wadudu wa tumbo wanaostahimili klorini kwa siku kadhaa.

Na ikitokea, Mungu apishe mbali, mtoto ametolewa majini hapumui, msimgeuze kichwa chini kumwaga maji. Aanze kupuliziwa pumzi mdomoni na kukandamizwa kifua papo hapo, huku mwingine akiita msaada. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hufundisha huduma ya kwanza. Kila jumba lenye watoto lingefaa kuwa na mtu mmoja aliyejifunza.

Swala na tohara ya msafiri

Starehe isiipite Swala. Kutoka Mombasa hadi Wote ni zaidi ya kilomita 300, kwa hivyo msafiri ana ruhusa ya kupunguza. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, ruhusa hiyo ni kwa asiyenuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka. Aweza pia kukusanya Adhuhuri na Alasiri, jambo lililotufaa siku ile ya zamu mbili. Wapo walioulizana kama maji ya bwawa yanafaa kwa udhu. Kipimo chetu cha maji mengi ni kulla mbili, ambazo wanazuoni wa leo huzikadiria karibu lita 200, na maji yaliyofikia hapo hayanajisiki ila yabadilike rangi, ladha au harufu kwa najisi. Bwawa limezidi kiasi hicho mara nyingi. Kuhusu dawa inayotiwa, aliye na shaka amwulize sheikh wake, au atumie mfereji wa bafuni, ambao daima uko karibu.

Maswali ya kuuliza kwa simu

Kabla ya kufunga safari ya bwawa lolote, mama wa nyumba apige simu aulize haya. Je, mnapokea wageni wa kutwa, na kwa siku zipi? Malipo ni kwa kichwa, au ni lazima kuagiza chakula? Siku gani na saa gani bwawa huwa tupu, na mwaweza kututengea? Mwaruhusu vazi la kuogelea lenye kufunika mwili wote? Yupo mwokozi, na yupo mhudumu wa kike? Kina kirefu ni mita ngapi? Nyama yenu imechinjwa na nani? Twaweza kuja na chakula chetu? Pombe huuzwa kando ya bwawa? Hoteli inayojibu kwa ukunjufu mara nyingi itawapokea kwa ukunjufu. Inayokasirishwa na maswali imewaokolea nauli. Mkishakubaliana, fikeni kwa wakati, lipeni kamili, mwacheni mahali safi, na mkumbukeni mhudumu kwa kitu mkononi, kwani mshahara wake haukuhesabu kundi la watoto tisa.

Neno letu la mwisho ni kwa vikundi vya akina mama na walimu wa madrasa hapa hapa pwani. Hoteli zetu, kuanzia Diani hadi Malindi, huwa na mabwawa matupu msimu wa mvua za masika, watalii wanapopungua. Ikiwa meneja wa mji mdogo wa Ukambani, mahali ambapo maji ni amana nzito, aliweza kuwatengea wanawake saa tatu za asubuhi, haikosi nasi tutapata wa kutusikiliza huku kwetu. Kikundi cha mama ishirini wakichanga kidogo kidogo waweza kulipia asubuhi moja kila wiki, pamoja na mwalimu wa kike. Mama yetu wa Mji wa Kale ameshaandikisha jina lake la kwanza na la binti yake la pili. Zimebaki nafasi kumi na nane.

Mwenyezi Mungu aliyekijaalia kila kilicho hai kutokana na maji awahifadhi watoto wetu baharini, mitoni na mabwawani, awateremshie mvua ya heri majirani zetu wa Makueni na Kitui, na atujaalie safari zenye stara na kurejea salama. Amin.

Wabillahi tawfiq.